Buibui Langu Lililovuka Daraja

Naikumbuka siku ile, mwanangu, kwa harufu kabla ya kuikumbuka kwa jambo jengine. Ilikuwa alasiri, msimu wa karafuu, mji mzima unanuka karafuu zilizoanikwa, na mimi nilikwenda kuliondoa buibui langu kwenye chango nyuma ya mlango wa chumba ili nilifukize udi. Nikaliweka puani. Udi wa nyumba yetu ulikuwemo, lakini chini yake kulikuwa na harufu ya kivumbasha, yale majani ya dawa ya kujifukizia. Nikatazama upindo wa chini nikaona tope, limekauka. Nami nilikuwa sijatoka nje tangu Ijumaa.

Kaa kitako vizuri, na usiutazame mlango. Najua kwa nini umekuja leo na najua ulichokuja nacho jana. Jana umenikalia hapa saa nzima unanihadithia habari za mke wa kaka yako, kwamba ameonekana anashuka kwenye gari asilolijua mtu, na nilipokuuliza nani kamuona ukaniambia, "Watu." Nikakunyamazia. Usiku sikulala vizuri kwa sababu ya hao watu wako.

Usidhani nimekukalisha ili nikwambie usimshuku mtu. Mimi mwenyewe ni mtu wa shaka, nimezaliwa nayo na nitazikwa nayo. Kahawa unayoniletea naitazama kwanza ndipo ninywe. Muuza samaki akiniapia kuwa samaki ni wa leo, nafunua shavu nikaona mwenyewe. Ninalotaka kukwambia ni kwamba kushuku kuna adabu zake, kama kula kulivyo na adabu zake, na nyinyi vijana wa siku hizi mnashuku kama mtu anayekula kwa mikono miwili.

Basi nisikilize, na ukiona nimesahau kitu usinikatishe, huenda sijasahau.

Nilikuwa bibi harusi mpya, sijatimiza hata mwaka kwenye ndoa. Baba yangu alikuwa fundi wa makubadhi, vile viatu vya ngozi, Sokomuhogo, mtu wa watu, mikono yake daima ina rangi ya ngozi. Mume wangu, Seif, alikuwa mtoto wa nyumba kubwa Kiponda, nyumba ya ghorofa, yenye mlango wa misumari ya shaba na shamba la mikarafuu Kizimbani. Utajiri wenyewe ulikuwa umeshaanza kupungua, lakini jina lilikuwa bado liko juu. Seif alinitaka mwenyewe akanioa, na watu wakasema walivyosema. Mama yake, Bi Thureya, hakusema neno. Alinipokea, akanipa chumba, akanivisha bangili zake mkononi, na akawa ananitazama. Ungelikuwa wewe ungeliona raha kutazamwa hivyo? Mimi sikuona.

Pale nyumbani tulikuwa wanawake watatu: Bi Thureya, mimi, na wifi yangu Shinuna, dada yake Seif, aliyekuwa ameachwa na mumewe akarudi kwao. Shinuna alikuwa mzuri wa sura na mwepesi wa miguu, na hakuna lililotokea mtaani asilolijua kabla ya adhuhuri.

Sasa lazima nikueleze habari ya buibui, maana nyinyi mmelikuta mkadhani lilikuwepo tangu Adamu. Wakati ule lilikuwa jambo jipya. Bibi wa nyumba kama Bi Thureya alitoka kwa barakoa usoni na shela la hariri, na nyuma yake wanawake wa kumfuata, na njia nzima ikajua nani anapita. Wanawake wasiokuwa na nyumba kubwa walivaa vyengine, na watumwa vyengine kabisa. Likaja buibui, jeusi tupu, linafungwa kwa kamba kichwani, na ghafla njiani hujui huyu ni nani na yule ni nani. Bi Thureya alilichukia. Alikuwa akisema, "Nguo gani hii, mtu anapita hana jina?" Kwa sababu hiyo alikuwa hatoki tena, maana wale wa kumfuata walikuwa wameshachukua hati zao za uhuru wakaenda zao, na peke yake na barakoa aliona ni kujidhalilisha. Nyumba nzima ilikuwa na buibui moja tu, nalo lilikuwa langu; Shinuna akivuka njia alijitanda kanga tu.

Basi watu wa mtaani wakajifunza kumjua mtu kwa njia nyengine. Kila nyumba ilikuwa na udi wake wa kupika, na kila nyumba iliutia vitu vyake, huyu miski, yule mawaridi. Udi wa Bi Thureya ulikuwa mashuhuri. Alitia zafarani, na alitia kitu kingine ambacho hakumwambia mtu, hata Shinuna. Akiupika alifunga mlango. Ukipita mtu wa nyumba yetu, mjinga gani asingelijua?

Narudi kwenye lile tope. Wewe ungelifikiri nani? Mimi nilifikiri Shinuna. Nilisema moyoni, huyu anavaa nguo yangu anakwenda anakokwenda, na siku akishikwa nitashikwa mimi. Nikaufua ule upindo, nikalifukiza buibui, nikalirudisha kwenye chango. Kesho yake alasiri nikatangaza kwa sauti kuwa napanda juu kwenye sakafu ya paa kushona kofia ya Seif. Nikapanda mpaka katikati ya ngazi, nikavua viatu, nikashuka tena kwa upande wa jikoni, nikajibanza nyuma ya mitungi ya maji karibu na mlango wa uani.

Nilikaa hapo mpaka magoti yakaniuma. Kisha nikasikia mtu anashuka ngazi pole pole, mkono mmoja unashika ukuta. Akapita mbele yangu ndani ya buibui langu. Nikauona ule mkono alipoinua komeo la mlango: vidole vya mtu mzima, hina ya zamani kwenye kucha, na pete ya akiki ambayo niliibusu kila asubuhi nilipompa shikamoo.

Alikuwa Bi Thureya. Yule aliyekuwa akituambia kila alasiri, "Nnafunga mlango nna uradi wangu, asinigongee mtu mpaka magharibi."

Nilibaki nyuma ya mitungi mpaka mlango ukafungwa. Na unajua nilifikiri nini? Sikufikiri jema. Tope lile nililijua, ni la kule Darajani, bahari inapojaa mtoni ikatoka. Kwa hiyo anavuka kwenda Ng'ambo, mitaa ya wanyonge upande wa pili wa maji. Na kivumbasha wanafukizwa wagonjwa, lakini waganga nao wanakitumia. Nikasema, basi huyu bibi anakwenda kwa mganga kunitenganisha na mwanawe. Kumbe ndiyo maana ananitazama. Siku ile nilikula wali wake nikiuchambua punje kwa punje.

Lakini sikumwambia mtu. Si kwa wema, usinisifu. Nilitaka kumuuliza mwenyewe, na kila nikifika mlangoni pake narudi. Nikafanya nililoliweza. Kila nikikuta tope nafua upindo, nafukiza, natundika. Mara moja nililitundika upande wa kulia wa chango, nikalikuta kesho yake lipo kulia vile vile, limekunjwa vizuri kuliko nilivyolikunja mimi. Hakutaka tena kuficha kuwa amelishika, na hapo nikajua kuwa anajua kuwa najua. Asubuhi tukaamkiana, "Shikamoo Mama," "Marahaba mwanangu," naye akanitazama na mimi nikatazama sakafu.

Sasa mbele ya nyumba yetu, upande wa pili wa njia, alikaa Bi Zamzam. Mtu mzima, mjane, hatoki, na kazi yake ni dirisha. Macho yalikuwa hayaoni vizuri, lakini pua, Mungu amrehemu, ilikuwa ya ajabu. Ikawa siku mbili tatu amesikia udi wetu unapita chini ya dirisha lake alasiri, mtu peke yake, anatokea kichochoroni upande wa uani na anashika njia ya Darajani. Akamwambia Shinuna. Na Shinuna hakuhitaji kupiga hesabu kubwa. Nani ana buibui nyumba ile?

Angelinijia mimi, mwanangu! Chumba chake na changu vilitazamana. Angelibisha hodi tu. Lakini hakuja. Alikwenda jikoni akamuuliza mpishi kama naagiza chakula cha ziada. Akarudi kwa Bi Zamzam akamuuliza kama nilikuwa naharakisha. Akaanza kula mbali na mimi. Tulikuwa tukila sinia moja, siku hiyo akajipakulia kwenye sahani akaenda kukaa dirishani, na nilipomuuliza kama anaumwa akanijibu, "Mie mzima, alhamdulillahi. Sijui wenzangu." Nikajua limeshaingia jambo. Nikawa nikitembea mle ndani nasikia mazungumzo yanakatika. Ukikaa katika nyumba kama ile unaanza kujishuku hata wewe mwenyewe, unajiuliza labda kweli nimekwenda.

Seif alikuwa shamba kwa ajili ya uchumaji. Akarudi Alkhamisi jioni amechoka, na Shinuna akamwacha alale. Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa na chakula, tulipokuwa sote ukumbini, Bi Thureya juu ya kitanda na tasbihi yake, Seif kwenye mkeka, Shinuna akaweka kikombe chini.

"Kaka, mie sipendi fitina, unanijua."

Ukimsikia mtu anaanza hivyo, mwanangu, shika vizuri nguo yako.

"Lakini siwezi kula yamini kuwa sijui jambo nnalolijua," akaendelea. "Mkeo anatoka. Weye huko shamba, yeye huku anatoka mlango wa uani, alasiri, peke yake, anavuka daraja anakwenda Ng'ambo. Bi Zamzam kampata kwa udi. Na upindo wa buibui lake unafuliwa kila siku, kwa nini? Muulize."

Seif alinigeukia. Sikuona hasira usoni mwake bado, niliona hofu, na hofu ya mwanamume mwenye jina ni mbaya zaidi.

"Zuwena, umekwenda Ng'ambo?"

"Sijakwenda."

"Na buibui lako?"

"Buibui limekwenda."

"Nani kalivaa?"

Nikanyamaza. Tasbihi ya Bi Thureya ilikuwa inasikika, punje moja, punje nyengine. Sikumtazama. Nilijua nikimtazama tu nitakuwa nimesema.

Utaniuliza kwa nini sikusema, na hilo ndilo swali la mtoto ambaye hajakaa ukweni. Nani angeliniamini? Binti wa mshona makubadhi anasema kuwa Bi Thureya, ambaye hata upenuni hatoki, anajipenyeza vichochoroni katika nguo ya kuazima? Na kama Seif angeliniamini, basi ningelikuwa nimemvunjia heshima mama mbele ya mwanawe, na heshima ya mama ikishavunjwa na mkwe hairudishwi. Zaidi ya hayo nilikuwa sijui anakwenda kwa nani. Nililolijua ni mkono na pete. Yaliyobaki nilikuwa nimeyatia mwenyewe, mganga na kila kitu, na siku ile ndipo nilipoona kuwa nimeyatia mwenyewe.

"Zuwena, nnakuuliza mara ya mwisho."

"Niulize jengine, Seif. Hilo halina jawabu kwangu."

Akainuka. Sauti ilikuwa ndogo. "Basi funga vitu vyako. Jioni ntakurejesha kwa baba yako. Ukipata jawabu utaniletea huko."

Wewe unajua maana yake. Hakulitamka neno la talaka, lakini mwanamke akirudishwa kwao jioni ya Ijumaa, mtaa mzima unamtalikisha kabla ya isha. Moyoni nilimuona baba yangu ameinua kichwa kwenye kazi yake ananiona nasimama mlangoni na sanduku. Machozi yalinitoka, sikuyaweza. Nikaanza kwenda chumbani.

Tasbihi ikanyamaza.

"Seif."

"Naam, Mama."

"Kaa kitako. Shinuna, nenda kalilete hilo buibui."

Shinuna alikwenda mbio, alidhani linaletwa kama ushahidi. Bi Thureya akashuka kitandani, akalichukua, akalivaa pale pale mbele yetu. Kamba aliifunga mwenyewe, haraka, mkono uliozoea. Kisha akasimama katikati ya ukumbi.

"Mwiteni Zamzam aje anuse," akasema.

Hakuna aliyecheka. Shinuna alikuwa ameshika mdomo kwa mkono wake.

"Mie ndiye n'nayekwenda Ng'ambo. Haya, niulizeni nnakwenda kwa nani." Akangoja. Hakuna aliyeinua kichwa. "Hamuulizi. Kwake yeye ndimi zilikuwepo, kwangu mmezimeza. Basi ntasema mwenyewe. Nnakwenda kwa Faida."

Lazima nikwambie Faida ni nani, maana jina hilo lilikuwa halitajwi katika nyumba ile. Mama yake Faida alikuwa mtumwa wa nyumba ya kina Bi Thureya, na ndiye aliyemnyonyesha Bi Thureya pamoja na mwanawe. Walikuwa ndugu wa ziwa. Walikua pamoja, wakalala mkeka mmoja. Hati za uhuru zilipotolewa, Faida alikuwa wa kwanza kwenda kuchukua yake, bila ya kuaga, na Bi Thureya aliumia, akaapa kuwa hatalisikia jina lake tena. Watu wakaona ni kiburi kwa kiburi. Kumbe Faida ameugua, na habari imemfikia Bi Thureya, na yule bibi aliyeapa hakuweza kuvumilia wala hakuweza kuonekana amerudi nyuma. Kwa hiyo akaona ile nguo isiyo na jina kumbe ina kazi.

Alilivua buibui akaketi nalo mapajani. Akaanza na Shinuna.

"Sikulaumu kwa kushuku. Mtu katoka nyumbani mwako kwa mlango wa nyuma, hata mie ningelishuku. Nnakulaumu kwa njia uliyoipita. Neno lilipokufikia, mtu wa mwanzo wa kumwendea alikuwa huyu, mlango mmeufunga, mko wawili tu. Ungelimwambia, wifi, nimesikia hivi, nambie. Akikwambia uongo utauona. Weye ulianza na mpishi, ukarudi kwa Zamzam, ukamsubiri kaka yako, na mwenyewe ndiye aliyesikia mwisho. Hata mwizi kwa kadhi anaulizwa kabla ya kuhukumiwa."

"Nisamehe, Mama."

"Hukunikosea mie. Na weye Seif, mkeo kakwambia hakwenda, kisha kakwambia buibui limekwenda. Maneno mawili, yote ya kweli, na yote umeyaacha. Angelikuwa binti wa nyumba kama hii ungelimuuliza tena kwa upole, ungelimpa maji. Huyu ukamwambia afunge vitu. Ulimuoa mwenyewe, halafu siku ya mwanzo ya shida ukawa unayaamini ya watu waliokukataza."

Masikio ya Seif yalikuwa mekundu kama ya mtoto aliyetoka kupigwa.

Kisha akanigeukia mimi, na mimi nikadhani nitasifiwa.

"Na weye. Ulinijua tangu siku uliyoufua upindo. Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuogopa, Mama."

"Ulidhani nnakwenda wapi?"

Nikafuta machozi kwanza.

"Sema."

"Kwa mganga. Kunitoa."

Alinitazama muda mrefu. Mpaka leo sijui kama alikasirika. Akasema, "Basi hata weye," na akavuta pumzi. "Ulinifichia, na Mungu akulipe. Lakini umenifichia huku unanila moyoni. Ungelibisha hodi, ningelikwambia. Nami nilikuogopa weye, ndiyo maana nikanyamaza mpaka maji yakakufika shingoni, na hilo ni langu, n'nalibeba."

Tulidhani yamekwisha. Lakini akasimama tena, akaniambia, "Zuwena."

"Labeka, Mama."

"Nifungulie sanduku. Nipe barakoa yangu na shela."

Ilikuwa mchana kweupe, Ijumaa, njia imejaa watu waliotoka msikitini. Alivaa barakoa yake yenye nyuzi za fedha, akajifunika shela la hariri, mimi nikavaa buibui langu, akanishika mkono, na hatukutoka kwa mlango wa uani. Tulitoka kwa mlango mkubwa. Watu waliokaa barazani walisimama wakampa salamu, na macho yakawatoka, maana hawakuwa wamemuona njiani kwa miaka. Juu dirishani Bi Zamzam alipiga ukelele.

"Bi Thureya! Unakwenda wapi jua hili?"

"Ng'ambo, kwa ndugu yangu. Nusa vizuri Zamzam, usije ukasema ni mtu mwengine."

Tukavuka daraja. Maji yalikuwa yametoka, tope lile nililokuwa nikilifua kila siku nikaliona kwa macho yangu, likaniingia na mimi kwenye upindo. Tukafika Mlandege, nyumba ya udongo na makuti, safi, imefagiliwa mpaka uwanjani. Kabla hatujabisha hodi ilinifika harufu. Nilisimama. Ilikuwa udi wetu, ule ule, zafarani na kile kitu kingine ambacho hakuna aliyekijua.

Ndani alikuwa amelala mwanamke amekonda, macho makubwa, chetezo cha udi kiko chini ya kitanda na rundo la kivumbasha pembeni. Akaitazama ile barakoa kutoka mlangoni.

"Leo umekuja weye," akasema.

"Siku zote n'nakuja mie."

"Siku zote unaingia kama mtu anayekimbizwa. Leo umekuja weye." Kisha akanitazama mimi. "Huyu ndiye mwenye buibui?"

Nikampa mkono nikamwambia ndiye mimi. Nikashindwa kujizuia, nikamuuliza habari ya udi.

Faida akacheka mpaka akakohoa. "Huu wa mama yangu. Huyu aliupata kwa kuchungulia. Hajakwambieni?"

Bi Thureya alikuwa anavua barakoa. "Sijawaambia," akasema. "Ntawaambia leo."

Alimwambia Shinuna habari ya udi jioni ile ile, na mimi nikiwepo. Seif aliniomba radhi usiku, kwa maneno machache, na kesho yake asubuhi alikwenda mwenyewe Sokomuhogo kumwamkia baba yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya bila ya kualikwa. Faida hakupona. Alifariki kabla ya masika, na Bi Thureya alimuosha kwa mikono yake, akaweka matanga nyumbani kwetu Kiponda, ukumbini, kama anavyowekewa ndugu. Shinuna alipika siku zote za matanga na hakumwachia mtu chungu.

Lakini nina jambo moja bado linanikera, na nakwambia kwa kuwa sitaki kukuficha. Nimejiuliza miaka yote hii: kama Seif asingeliinuka, kama angelisema tu, haya, tutaona kesho, je, ile tasbihi ingelinyamaza? Sijui. Nilimpenda yule bibi kama mama aliyenizaa, nilimfumba macho kwa mkono wangu huu, na sikumuuliza. Nililiogopa jawabu. Kwa hiyo na mimi ninayekufundisha sikulifuata lote nililofundishwa.

Sasa nikwambie lako, wazi, ili usije ukasema hukufahamu. Shaka ikikuingia juu ya mtu wako, ishike, usiitupe, huenda ni ya kweli. Lakini tenga ulichokiona kwa macho yako na ulichokitia mwenyewe, kama mimi nilivyoona mkono na pete nikaongeza mganga. Kisha mwendee mwenyewe kabla ya mtu mwengine yeyote, faraghani, kwa sauti ya kawaida, umuulize. Umpe nafasi ya kujibu, na akinyamaza jiulize ananyamaza kwa ajili ya nani, maana si kila anayenyamaza anajificha yeye. Na kabla hujafungua mdomo tazama kama ungelimuuliza vile vile mtoto wa tajiri. Ukiona hapana, basi unalolishuku ni nyumba aliyotoka, huyo mtu hujamfikia bado. Siku hizi mna taa mpaka chooni na magari yanapita usiku kucha, na bado mnatambuana kwa harufu kama Bi Zamzam. Yeye angalau alikuwa hana macho.

Inuka basi. Nenda kwa mke wa kaka yako sasa hivi, na usipitie kwa mtu njiani, hata kwa mama yako. Bisha hodi, ingia, funga mlango, umuulize gari lile ni la nani. Ukirudi utaniambia alilosema, nami nitakuuliza mara mbili, maana nakujua, utapunguza.

Njoo kwanza nikushike kichwa. Mungu akupe macho ya kuona na subira ya kuuliza. Akuepushe na kumdhulumu mtu kwa neno usilolishuhudia, na akuepushe na nyumba ambayo watu wake wanakula mbali mbali. Siku ukishukiwa wewe, na utashukiwa, akuletee mtu mmoja atakayebisha mlangoni kwako kwanza. Amin. Haya nenda, na viatu vyako vaa huko nje, usinitilie mchanga.